Shajara ya mradi: Kuunda mfano wa njia ya mbio ya Santa Pod, kutoka uwanja wa ndege za vita hadi mbio za dragi

13 Januari 2024: Nia na mpaka wa kazi

Nimeanza kuunda mfano wa mezani wa Santa Pod Raceway, njia ya mbio iliyoko Podington katika jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka ninapoishi. Mfano huu ni wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, ambako watoto wetu waliozaliwa huku hujifunza lugha ya wazazi wao. Tulikubaliana kwamba kila mzazi mwenye ufundi atatengeneza kitu kimoja cha kufundishia historia ya mahali tunapoishi, na maelezo yake yote yatakuwa kwa Kiswahili. Mimi ni fundi umeme wa magari, na nikachagua kile ninachokijua na kukipenda.

Kwa msomaji aliyezoea Safari Rally, ambamo gari hushindana na vumbi, matope na mawe kwa siku kadhaa, mbio za dragi zahitaji maelezo kidogo. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, nayo hukimbia kwenye mstari ulionyooka kwa robo maili, yaani mita 402, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Watoto wa darasa letu husikia ngurumo za mbio hizo majira ya kiangazi, lakini wengi wao hawajui kwamba mahali pale palikuwa uwanja wa ndege za kivita kabla ya kuwa pa magari.

Ninaandika shajara hii ili mwingine anayetaka kuunda mfano wa aina hii asirudie makosa yangu. Gharama nitaziandika kwa paundi.

27 Januari 2024: Ubao wa kwanza, na swali la mzee

Nilianza na skeli ya 1:200, ambayo inaifanya robo maili kuwa na urefu wa mita 2.01. Nilinunua plaiwudi kwa paundi 24, nikaikata, nikachora mstari wa kuanzia na wa kumalizia, nikaupeleka ubao darasani nikiamini kwamba hatua ya kwanza imekamilika.

Mzee mmoja anayemleta mjukuu wake, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu katika ujana wake, aliutazama ubao kwa muda mrefu. Nilimwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia, “Marahaba mwanangu,” kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kumalizia, pale ubao ulipoishia.

“Gari likifika hapa na kasi yote hiyo,” akauliza, “linasimama wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeikata njia ya kusimamia. Nilipima robo maili peke yake kana kwamba mbio huishia pale saa inaposimama. Swali hilo limebadilisha mradi wote, si ubao tu. Nilipolifuatilia niliona kwamba ndilo linaloeleza kwa nini mbio hizi zilihamia kwenye viwanja vya ndege hapo mwanzo. Barabara ya kawaida iliyonyooka kwa mita 402 unaweza kuipata mahali pengi. Kupata nyingine mita mia kadhaa mbele yake, zilizo tambarare, zisizo na nyumba, mti wala njia panda, ni jambo gumu, ila pale ambapo mtu alikwisha kuzijenga kwa ajili ya ndege.

Njia ya Santa Pod imewekwa juu ya njia kuu ya kurukia ndege ya Podington, na sehemu inayotumika kwa mbio na kusimama ina urefu wa takribani robo tatu ya maili, au mita 1,200 hivi. Ukiondoa mita 402 za mbio, hubaki karibu mita 800 za kupunguza mwendo na kusimama, yaani mara mbili ya mbio zenyewe.

3 Februari 2024: Skeli mpya

Kwa skeli ya 1:200, mita 1,200 zingehitaji meza ya mita 6, na ukumbi wetu hauna meza hiyo. Nimehamia skeli ya 1:400. Robo maili sasa ni mita 1.006 na njia nzima ni mita 3. Vipimo vingine vinavyohitajika ni hivi: alama ya futi 60, ambapo hupimwa jinsi gari lilivyong’oka, iko sentimita 4.6 kutoka mwanzo. Nusu ya mbio iko sentimita 50.3, alama ya futi 1,000, ambayo nitaieleza baadaye, iko sentimita 76.2. Gari la Top Fuel, daraja la juu kabisa la mbio za dragi, ambalo umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni kama mita 7.6, linakuwa na urefu wa karibu sentimita 2 tu, kama punje ya harage.

Ubao mpya umegharimu paundi 31. Ule wa kwanza nimeugeuza kuwa mihimili ya chini ili ubao mrefu usipinde, kwa hiyo haukupotea.

17 Februari 2024: Uso wa njia

Nilitaka uso unaofanana na zege. Nilipaka plasta nyembamba juu ya plaiwudi kwa paundi 7, nikauweka ubao karibu na hita ili ukauke upesi. Asubuhi yake plasta ilikuwa imepasuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ubao umejikunja kwa sababu upande mmoja ulikunywa maji na mwingine haukunywa. Niliikwangua yote.

Kilichofaa ni msasa wa kijivu wa namba 240, uliokatwa vipande vya mstatili na kupangwa kwa kuacha mwanya mwembamba kama wa nywele kati ya kipande na kipande, ili ionekane mishono ya zege. Jaribio la kwanza la msasa nalo lilikunjamana kwa sababu nilitumia gundi ya maji. Nilipotumia gundi ya kupuliza, ikaachwa dakika chache kabla ya kubandika, ulikaa vizuri. Msasa na gundi vimegharimu paundi 17. Mwanga ukipita kando ya msasa huo, huwezi kuutofautisha na zege kwenye picha.

Vibao viwili vya maelezo vimewekwa kando ya uso huu. Cha kwanza kinaeleza kwamba kuanzia Septemba 1943 hadi 1945 uwanja wa Podington ulikuwa makao ya Kikosi cha 92 cha ndege za mabomu cha Marekani, kilichorusha ndege za B-17 kuelekea maeneo yaliyokuwa chini ya Ujerumani. Cha pili kinaeleza kwamba kabla ya msimu wa 2018 njia ya mbio ilimwagwa zege jipya, kwa sababu gari lenye nguvu kubwa huhitaji uso usio na mawimbi ili tairi zisiruke na kupoteza mshiko.

9 Machi 2024: Vibao vilivyochapwa vibaya

Nimelazimika kuchapisha upya vibao sita, kila awamu kwa paundi 8. Makosa yalikuwa mawili, na yote ni ya kuandika kabla ya kusoma vya kutosha.

La kwanza lilihusu jina. Niliandika kwamba “Santa” ni mtakatifu, kama ilivyo katika majina mengi ya miji ya Kihispania. Kwa kweli jina lilitungwa kwa kuunganisha sehemu ya jina la Podington na sehemu ya jina la Santa Ana, njia ya mbio ya California iliyofunguliwa mwaka 1950, ambayo huhesabiwa kuwa njia ya kwanza ya dragi duniani kuendeshwa kibiashara. Na Santa Ana nayo ilitumia njia ya kurukia ndege. Waingereza walipolichukua jina hilo walikuwa wanatangaza ukoo wa mahali pao.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Niliandika kwamba mbio za dragi zilianza Uingereza mwaka 1966 pale Santa Pod. Kilichoanza mwaka 1966 ni njia ya kudumu, ya kwanza barani Ulaya, iliyofunguliwa wakati wa Pasaka ya mwaka huo. Mbio zenyewe zilikuwapo kabla. Sydney Allard, mtengenezaji wa magari aliyeshinda mbio za Monte Carlo Rally mwaka 1952 kwa gari lenye jina lake, aliunda dragista yake, yaani gari la mbio za dragi, mjini London na kuionyesha mwaka 1961, ikiwa na injini ya Chrysler yenye supachaja, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mwaka 1964 yalifanyika Uingereza mashindano ya kimataifa ya dragi, ambayo Allard alikuwa nguzo yake, na Wamarekani wakaja na magari yao; miongoni mwao walikuwa Don Garlits na Tommy Ivo. Mbio hizo zilihama kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, Blackbushe ukiwa mmojawapo, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kudumu. Zilirudiwa mwaka 1965.

Jumapili ya Pasaka ya 1966 iliangukia tarehe 10 Aprili. Allard alifariki tarehe 12 Aprili. Nimeziweka tarehe hizo mbili kwenye kibao kimoja, bila maneno mengine, na kila ninapokisafisha husimama kidogo. Mtu aliyehangaika miaka mitano kuwashawishi wenzake kwamba mchezo huu una nafasi katika nchi yake aliondoka katika juma lile lile mchezo ulipopata nyumba.

Anayeiga mradi huu achapishe kwanza kwenye karatasi ya kawaida, abandike kwa gundi ya muda, awape watu watatu wasome, ndipo achapishe kwenye kadi.

30 Machi 2024: Utepe wa taa

Mwendo wa magari utaonyeshwa kwa nukta ya mwanga inayokimbia kwenye utepe wa taa za LED zilizopangwa 60 kwa mita, hivyo kila taa inawakilisha karibu mita 6.7 za njia halisi. Duka moja la mtandaoni liliniletea utepe wa volti 12 ambao taa zake huwaka tatu tatu na haziwezi kuamrishwa moja moja, ijapokuwa niliagiza mwingine. Halikukubali kurudishiwa kwa kuwa nilishaukata. Paundi 14 zimepotea. Jaribu utepe kabla hujaukata. Ule sahihi, wa volti 5 na urefu wa mita 5, umegharimu paundi 18. Taa 180 zimewekwa upande wa kushoto kwa urefu wote wa njia, na 120 zilizobaki upande wa kulia, ambazo zinatosha mbio na nusu ya eneo la kusimamia. Kidhibiti cha Arduino ni paundi 12, na vibonyezo, rezista na taa za kuanzia paundi 10.

20 Aprili 2024: Mfumo unaozima kwenye mstari wa mwisho

Hili limenichukua usiku wa siku tatu. Kila gari lilipofika mwisho, njia nzima ilitakiwa kuwaka nyeupe kumpongeza mshindi, lakini badala yake mfumo wote ulizima na kuanza upya. Niliikagua programu mstari kwa mstari, nikaibadilisha mara mbili, nikaifuta na kuiandika tena, na tatizo likabaki vilevile.

Siku ya nne nilifanya jambo ambalo kazini ndilo la kwanza: nilichukua mita ya umeme. Volti 5 zilikuwa zinashuka hadi chini ya 4 kila njia ilipowaka. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hunywa takribani miliampea 60; taa 180 zinahitaji karibu ampea 11, nami nilikuwa nimeunganisha chaja ya simu ya ampea 1.

Marekebisho ni haya. Nimenunua chanzo cha umeme cha volti 5 na ampea 4 kwa paundi 11. Waya wa kupeleka umeme kwenye utepe sasa ni mnene na haupiti kwenye kidhibiti, ila waya wa ethi umeunganishwa pamoja, kwa sababu bila hivyo taa huwaka ovyo. Nimeweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 mwanzoni mwa utepe. Mwisho, badala ya njia nzima, huwaka taa 20 tu za mbele ya mstari wa kumalizia, ambazo ni ampea 1.2. Tangu hapo mfumo haujazima.

11 Mei 2024: Mwendo wa kweli

Mara ya kwanza nilizifanya taa zikimbie kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho. Watoto walikubali, lakini mtu aliyewahi kusimama kando ya njia ya mbio angejua papo hapo kwamba ni uongo, maana gari la dragi huanza limesimama kabisa na huwa kasi mno pale mwishoni.

Kwa gari la kawaida la mtaani, linalomaliza robo maili kwa sekunde 16, nimechukulia kwamba injini hutoa nguvu isiyobadilika. Katika hali hiyo umbali hukua kulingana na muda uliopandishwa kwenye kipeo cha 1.5, na kasi ya mwisho hutoka kama kilomita 136 kwa saa, jambo linalokaribiana na ukweli.

Kazi kubwa ilikuwa kwa Sammy Miller. Mwaka 1984, pale pale Santa Pod, Mmarekani huyu aliliendesha gari lake la roketi liitwalo Vanishing Point kwa robo maili katika sekunde 3.58, na kupita mwisho kwa maili 386.26 kwa saa, ambazo ni kilomita 621 na ushei. Ukigawa mita 402 kwa sekunde 3.58 unapata wastani wa kilomita 404 kwa saa. Kama gari lingeongeza mwendo kwa kiwango kimoja hadi mwisho, kasi ya mwisho ingekuwa mara mbili ya wastani, yaani zaidi ya 800. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo msukumo ulikuwa mkubwa kupita kiasi mwanzoni, kisha ukapungua au ukakoma kabla ya mstari. Kwa hesabu yangu ya makadirio, isiyoingiza ukinzani wa hewa, gari lilisukumwa kwa sekunde 2.5 hivi, likamaliza msukumo karibu na mita 216, ambayo ni taa ya 32, na kuserereka kwa mita 186 zilizobaki. Nimeprogramu hivyo, na taa ya 32 hubadilika kutoka nyekundu kuwa samawati. Mwanga huo unapopita ni vigumu kuufuata kwa macho, na ndivyo ilivyo haki.

25 Mei 2024: Futi 1,000

Alama hii nimeiongeza leo kwa rangi nyeupe. Tarehe 21 Juni 2008, Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, injini ya gari lake ilipolipuka karibu na mwisho wa mbio, miamvuli ya kusimamishia ikaharibika, na gari likapita mwisho wa eneo la kusimamia. Majuma machache baadaye, NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo Marekani, kilipunguza mbio za magari yanayotumia nitromethani, fueli yenye nguvu kuliko petroli, kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000. Futi 320 zilizoondolewa, karibu mita 98, zilitolewa kwenye mbio na kupewa kusimama. Kwenye ubao wangu ni sentimita 24.4. Niliwaonyesha watoto kwa kuweka rula hapo, nao waliuona umbali kuliko walivyousikia.

Mzee wa malori alikuwapo. Aliitazama rula, akatikisa kichwa, akasema, “Basi waliongeza breki.”

15 Juni 2024: Taa za kuanzia

Nilikwenda Santa Pod siku ambayo mtu yeyote huruhusiwa kuleta gari lake na kukimbia, nikasimama karibu na mwanzo kwa saa nne nikiandika mpangilio wa taa. Petroli na kiingilio sikuvihesabu kwenye gharama za mfano. Nilichojifunza kwa macho ni jinsi dereva anavyosogea: gari hutambaa sentimita chache hadi taa ndogo ya kwanza iwake, likasimama, likatambaa tena kama mtu anayekanyaga ukingo wa kisima, mpaka ya pili iwake. Kila taa huwashwa na tairi la mbele linapokata mwale wa mwanga unaovuka njia, na kati ya miale hiyo miwili kuna takribani sentimita 18 tu.

Kosa langu katika programu lilikuwa kuchanganya mifumo miwili. Katika ule wa kawaida, taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, ndipo ya kijani. Katika ule wa wataalamu, zote tatu huwaka kwa pamoja, na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4. Mimi niliweka 0.4 kati ya kila njano na nyingine, mpangilio usiokuwapo popote. Sasa kuna swichi ya kuchagua.

Kosa la pili nililigundua darasani. Saa yangu ilianza kuhesabu kijani kilipowaka. Katika mbio za kweli, muda wa gari huanza pale gari linapouacha mwale, na kuchelewa kwa dereva huandikwa peke yake.

29 Juni 2024: Siku ya kuonyesha

Watoto walikimbizana wawili wawili kwa vibonyezo. Binti wa miaka kumi alichagua gari la sekunde 15.90, mwenzake akachukua la 16.00. Binti alishindwa, akaja kulalamika kwamba muda wake ni mdogo na mashine imemwonea. Tulisoma namba pamoja. Yeye aliondoka sekunde 0.48 baada ya kijani, jumla 16.38, mwenzake 0.31, jumla 16.31. Aliziandika kwenye kiganja kwa kalamu, akarudi kwenye foleni, na mara ya tatu aliondoka kwa 0.22.

Jumla ya gharama ni paundi 160, ambazo 29 kati yake zilipotea kwenye plasta, utepe usiofaa na vibao vilivyochapwa vibaya. Uzito wa ubao na mihimili yake unahitaji watu wawili kuubeba. Upande wa kulia bado una upungufu wa taa 60 mwishoni mwa eneo la kusimamia. Nitanunua kipande cha mita 1 na kukiunga kabla ya Septemba.